Boksi la besi la kuchongwa Ndeeba: sumaku haina kosa, kesi iko kwenye bomba

Boksi hili ukilikuta kwenye kanisa la walokole au chini ya hema la harusi Kampala hutaligeukia mara mbili. Spika moja ya inchi 15, plaiwudi ya milimita 18, kapeti nyeusi iliyobandikwa nje, kona za bati, na mabomba mawili ya PVC yanayochungulia chini ya spika kama pua. Lilichongwa Ndeeba, mtaa wa jijini humo, kwa oda, kwa ajili ya gitaa la besi la nyuzi nne. Spika ilinunuliwa kando, katikati ya jiji, na sifa yake yote pale dukani ilikuwa moja: "Ssebo (bwana), tazama sumaku hiyo!"

Sumaku kweli ni kubwa. Boksi lilipowashwa, C ya freti ya 3 kwenye uzi wa A ililia kama pipa tupu lililopigwa teke. E ya wazi, noti ambayo mpiga besi huiegemea wimbo mzima, ikasikika kama inapigwa chumba cha pili. Mwenye boksi alikuwa tayari kurudi dukani kutafuta spika yenye sumaku kubwa zaidi. Angepoteza hela.

Pima ndani ya boksi: upana sentimita 45, urefu 60, kina 40. Hiyo ni lita 108. Toa nafasi inayoliwa na spika yenyewe, mabomba na mbavu za mbao, zinabaki kama lita 100. Kwa inchi 15 ya besi ni ujazo mzuri, na hapo fundi hana lawama. Sasa ingiza kidole kwenye bomba. Ni PVC ya maji taka ya milimita 110, ile ya kijivu iliyo kwenye kila duka la vifaa vya ujenzi, na imekatwa sentimita 5 tu. Iko hapo kama pambo.

Bomba si tundu la kupumulia. Hewa iliyo ndani yake ni uzito, hewa iliyo ndani ya boksi ni springi, na viwili hivyo vikikutana vina noti yao moja vinayoipenda. Boksi la lita 100 lenye mabomba mawili ya namna hiyo, kila moja sentimita 5, noti yake iko karibu na Hz 64, yaani mitetemo 64 kwa sekunde. C ya uzi wa A ni Hz 65.4. Ndiyo sababu inalia kuliko ndugu zake zote. E ya wazi ni Hz 41.2, chini kabisa ya hapo, na boksi lenye bomba likishapita noti yake kwenda chini sauti huanguka kwa kasi, desibeli 24 kwa kila okteva, yaani kila masafa yakipungua nusu. Kibaya zaidi, huko chini hewa ya boksi haiishiki tena koni, ile sehemu ya spika inayotetemeka. Koni inapepea bure, koili, ule waya uliozungushwa unaoisukuma, inatoka nje ya pengo la sumaku, na kile kitambaa chenye mawimbi kinachoishika koili kinachoka na kuchanika. Mwenye gitaa la nyuzi tano, ambalo B yake ni Hz 30.9, anaweza kuua spika ya inchi 15 kwenye boksi kama hili kwa usiku mmoja, na ampu haijafika hata nusu.

Mabomba yale yale mawili yakikatwa sentimita 18, noti ya boksi inashuka hadi karibu Hz 45. Tofauti ni sentimita 13 za PVC kila upande. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya boksi hili, na ndiyo rahisi kuliko zote kuondoa: fungua spika, ng'oa vipande vya zamani, ingiza vipya, ziba kwa gundi na tepe. Nyuma ya bomba ubaki uwazi usiopungua upana wa bomba lenyewe. Kwenye kina cha sentimita 40 zinabaki 22, kwa hiyo hakuna tatizo. Usishawishike kutumia bomba moja ili uokoe. Moja la sentimita 5 nalo litakupa karibu Hz 45 ile ile, lakini hewa yote itapita kwenye mlango mmoja mwembamba na utaisikia ikifoka kila unapoupiga kwa nguvu uzi wa E. Na moja la sentimita 18 linashusha noti hadi Hz 32, mahali ambapo gitaa la nyuzi nne halina kazi napo.

Kuhakikisha hakuhitaji maabara. Pakua programu ya simu inayotoa sauti ya masafa moja, iunganishe na ampu, sauti iwe ya wastani, kisha shuka taratibu kutoka Hz 90. Tazama koni, usisikilize. Itazidi kuyumba, halafu kufika mahali fulani itatulia karibu isimame, huku mkono wako kwenye mdomo wa bomba unasukumwa na hewa kwa nguvu. Masafa yanayosomeka kwenye simu wakati huo ndiyo noti ya boksi. Kwenye boksi hili kabla ya kurekebishwa koni ilitulia kwenye 63 na kitu. Baada ya bomba jipya, 45.

Sasa sumaku. Watu huuliza aina yake, ferraiti au neodimi, kama wanaouliza petroli au dizeli. Spika haijui sumaku yake imetengenezwa kwa nini. Inachojua ni nguvu iliyopo kwenye pengo la koili, urefu wa waya uliomo ndani ya nguvu hiyo, na uzito wa koni inayosukumwa. Hivyo vitatu, pamoja na ulaini wa ukingo wa koni, ndivyo vinavyoingia katika namba ambayo Neville Thiele wa Australia aliiweka kwenye hesabu mwaka 1961 na Richard Small akaikamilisha miaka ya 1970: Qts. Iko kwenye karatasi ya kila spika ya maana. Duka likishindwa kukuonyesha karatasi hiyo, unanunua rangi.

Qts ndogo maana yake sumaku inaikaba koni kwa nguvu. Hapo ndipo wanunuzi wengi wanapoteleza. Sumaku ikizidi nguvu, sauti ya katikati inapanda, spika inakuwa na kelele nyingi kwa wati chache, lakini besi ya chini inapungua. Spika za mitambo ya ukumbi zenye Qts ya 0.25 zina sumaku ya kutisha, na ukizitia kwenye boksi lililofungwa zinatoa besi kavu kama mhogo wa kuchoma. Sumaku dhaifu, Qts ya 0.6 kwenda juu, ina ugonjwa wa upande wa pili. Haina breki, noti inaanza vizuri halafu inakokota mkia, na kwenye boksi lenye bomba masafa ya Hz 60 hadi 80 yanarundikana hadi mpiga ngoma anashindwa kujua kick yake, ile ngoma ya mguu, iko wapi. Kwa lita 100 na bomba la Hz 45, tafuta spika ya inchi 15 yenye Qts kati ya 0.33 na 0.40, masafa yake ya asili, yale ambayo koni yenyewe hupenda kutetema, yakiwa karibu Hz 40. Spika ya boksi hili ina 0.36. Muuzaji aliisifia kwa sababu isiyo sahihi, lakini aliuza kitu sahihi.

Kati ya ferraiti na neodimi tofauti unayoihisi kwanza ni mgongoni. Inchi 15 ya ferraiti ya kazi ya besi huwa na kilo 7 hadi 10. Ya neodimi yenye nguvu hiyo hiyo, kilo 4 au 5. Plaiwudi ya boksi hili peke yake ni karibu kilo 19, kwa hiyo neodimi inakuokoa kama sehemu moja ya saba ya mzigo wote, si nusu kama matangazo yanavyokufanya uamini. Wanaotengeneza maboksi mepesi kweli, kama Barefaced wa Uingereza, hawakuishia kwenye sumaku. Walipunguza unene wa mbao wakajaza mbavu ndani. Kunakili plaiwudi nyembamba bila kunakili mbavu ni kuchonga ngoma.

Joto nalo lina neno. Sumaku ya kawaida ya neodimi huanza kupoteza nguvu isiyorudi ikipita nyuzi joto 80 hivi, ingawa daraja za juu zinavumilia zaidi ya 150. Ferraiti inalegea kidogo ikichemka, karibu asilimia 0.2 kwa kila nyuzi, ikipoa inarudi. Tena donge kubwa la ferraiti na vyuma vyake linanyonya joto la koili. Lakini kabla sumaku haijateseka, koili yenyewe imeshakuibia sauti. Upinzani wa shaba hupanda asilimia 0.39 kwa kila nyuzi joto moja. Koili ikipanda nyuzi 150, ohm 6 zinakuwa 9.5, na umepoteza kama desibeli 4 ambazo mpiga besi atazitafuta kwa kuongeza sauti, yaani kwa kuongeza joto. Kwenye mkesha wa saa sita, spika moja ya inchi 15 iliyobebeshwa ukumbi mzima hufikia hapo. Dawa ni spika ya pili, si sumaku ya aina nyingine.

Kuna na wale wanaoapa kwa alniko, sumaku za zamani za alumini, nikeli na kobalti. Nyingi zilitoweka madukani baada ya vita vya 1978 vya mkoa wa Shaba huko Zaire, Kongo ya leo, bei ya kobalti iliporuka na watengenezaji wakakimbilia ferraiti. Ukanda wetu uko ndani ya hadithi hii kuliko tunavyodhani. Kasese kobalti ilichujwa kutoka kwenye mabaki ya mgodi wa Kilembe, na udongo wa Makuutu, mashariki mwa Uganda, una madini adimu, neodimi ikiwemo. Kwa boksi lako hata hivyo, alniko ni ya wapiga gitaa la solo. Besi ya nguvu inaweza kuipunguzia usumaku, na bei yake haina maana.

Kipimo ambacho kila boksi la besi hulinganishwa nacho ni lile "friji" la kampuni ya Ampeg, spika nane za inchi 10, lililozaliwa pamoja na ampu ya SVT mwaka 1969. Modeli ya SVT-810E ina kilo 63 na nusu, imefungwa pande zote bila bomba hata moja, na ndani imegawanywa vyumba vinne, spika mbili kila chumba. Karatasi yake inasema kwenye Hz 40 limeshashuka desibeli 10. Wengi hawaamini wakisoma hapo, kwa sababu wakisimama mbele yake suruali inatikisika. Siri ni kwamba E ya wazi si Hz 41 peke yake. Okteva yake ya Hz 82 mara nyingi huwa na nguvu kuliko noti mama, na sikio likipata 82, 123 na 164 linaijaza 41 lenyewe. Boksi lililofungwa linashuka taratibu, desibeli 12 kwa okteva, na noti zake zinakatika safi.

Boksi la Ndeeba linaweza kukuonjesha hilo bila senti. Kunja taulo mbili, zijaze kwenye mabomba hadi hewa isipite. Kwa spika yenye Qts 0.36, Vas (ujazo wa hewa wenye ulaini sawa na wa koni) ya lita 150 na masafa ya asili ya Hz 40, lita 100 zilizofungwa zinakupa Qtc (Qts ya spika ikiwa ndani ya boksi) ya 0.57 na masafa ya asili ya Hz 63. E inashuka karibu desibeli 10, kama kwenye friji, ila huna spika nane za kufidia. Kwa sebene na kwa besi ya kadongo kamu, muziki wa gitaa wa Waganda, inayotembea na kuongea pamoja na mwimbaji, taulo zibaki humo, vidole vinasikika. Kwa rege na nyimbo za kusifu za taratibu, zitoe. Ukumbi wenye kuta za saruji na boksi kwenye kona, ziba bomba moja kwanza usikilize, maana kona yenyewe inaongeza besi ambayo hukuilipia. Na kabla hujamlaumu fundi kwa mtetemo, toka nje uangalie paa. Mara nyingi ni mabati.

Kuhusu useremala, boksi hili limepata alama nyingi kuliko tulivyotarajia. Plaiwudi ni plaiwudi kweli, si mbao za vumbi zilizogandamizwa ambazo skrubu hung'oka zikinusa mvua. Viungo vina gundi mfululizo na vipande vya mbao kwenye pembe. Nusu ya karatasi ya futi 8 kwa 4 haitoshi kwa boksi hili, inapungua kidogo, na hapo mafundi wengine huchomeka mgongo wa plaiwudi ya milimita 9 ili wasifungue karatasi mpya. Gonga mgongo kwa kifundo cha kidole: ukijibu "tok" sawa, ukijibu "dumm" umeibiwa. Huu ulijibu katikati. Ubavu mmoja wa mbao, inchi 2 kwa 2, uliokazwa kutoka mgongoni hadi ubao wa mbele ulimaliza maneno.

Uvujaji ulikuwa sehemu mbili. Sahani ya soketi nyuma haikuwa na tepe ya sponji, na spika ilikazwa kwa skrubu za mbao nne, huku tundu zake ni nane. Spika ya kilo nane haishikwi na skrubu za mbao. Toboa, gonga nati zenye meno nyuma ya ubao, tumia boliti za milimita 6 zote nane, kaza kwa mshazari kama gurudumu la gari ili fremu isipinde. Usizibe spika kwa silikoni. Siku ya kuitoa utang'oa ukingo pamoja nayo. Kutafuta upenyo, cheza Hz 50 kwa sauti ya chini na upitishe kijiti cha udi kwenye viungo vyote. Moshi ukiyumba, hapo pana mwanya. Au ziba mabomba, sukuma koni kwa viganja viwili taratibu halafu iachie. Boksi lililoziba linairudisha kwa uvivu. Ikiruka papo hapo, hewa ina njia nyingine.

Ndani fundi alijaza pamba ya mto hadi shingoni. Hiyo ni dawa ya boksi lililofungwa. Kwenye boksi la bomba inaua ule mdundo uliokuwa ukiulipia, kwa hiyo bakiza tabaka la sentimita 3 kwenye mgongo, juu na ubavu mmoja, mbali na midomo ya mabomba.

Ukiongeza boksi la pili, pima kwa mita kabla ya kuunganisha. Spika ya ohm 8 husomeka kati ya 5.5 na 6.5. Mbili sambamba ni 4, na ampu nyingi hazitaki chini ya hapo. Halafu betri ya volti 1.5, chanya kwenye chanya: koni itoke nje. Moja ikitoka na nyingine ikiingia, mabox mawili yatatoa besi ndogo kuliko moja, na hakuna sumaku duniani itakayorekebisha waya uliogeuzwa.

Spika bandia ziko nyingi na zinajua tunapenda nini. Kofia ya raba imefunika donge la sumaku, ndani yake kuna sumaku ya pili iliyogundishwa mgongoni isiyosukuma chochote kwenye pengo, au kipande cha chuma tu. Stika inasema wati 2000. Tazama badala yake kipenyo cha koili, ambacho kwenye spika nyingi kofia ya katikati ya koni hukidokeza, na tundu la kupoza nyuma ya sumaku. Inchi 15 yenye koili ya inchi 2 haitameza wati 2000 hata ikiombewa.

Mwisho ni safari. Ferraiti ni kauri nzito iliyoshikwa na gundi. Boksi likisimamishwa kwenye boda boda juu ya barabara ya mashimo, uzito wa sumaku unavuta upande, gundi inakatika, sumaku inahama nusu milimita, na koili inaanza kusugua. Utaisikia ukisukuma koni kwa vidole: sauti ya msasa. Mtu wa kuirekebisha vizuri ni adimu, kwa hiyo lilaze boksi kwa mgongo, na godoro dogo chini. Hapa neodimi inashinda bila ubishi, na kama bendi yako inahama kila wikendi kati ya Mukono na Masaka, lipa tofauti hiyo ya bei. Boksi linaloishi kanisani halihitaji.

Kwa aliyekwisha kuwa na boksi la namna hii: mabomba, boliti, ubavu wa mgongo, tepe ya sponji, kwa mpangilio huo, na spika iachwe ilivyo. Kwa anayeagiza jipya, fundi akiuliza bomba likatwe wapi usimpe namba kwa mdomo katikati ya kelele za misumeno. Mpe kipande cha mbao kilichokwishakatwa sentimita 18, akilaze juu ya PVC, achore mstari.